Chupa Nyuma ya Bweni

Jumanne, 3 Februari 2026

Zamu ya usafi leo ilikuwa yangu. Shimo la taka nyuma ya bweni la kidato cha tano limejaa chupa za enaji, hivi vinywaji vya kuongeza nguvu. Miaka miwili iliyopita lilikuwa la makaratasi, maganda ya miwa na chupa za maji. Niliokota moja, nikaifuta vumbi, nikaisogeza juani kwa sababu maandishi yake ni madogo mno. Ujazo mililita 300. Kafeini miligramu 30 kwa kila mililita 100. Sukari gramu 11 kwa kila mililita 100. Taurini. Vitamini za kundi B. Na chini kabisa, karibu na mshono wa lebo: haifai kwa watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na watu wanaodhurika na kafeini.

Mvulana mmoja wa mchepuo wa PCB alikuwa anafagia karibu yangu. Nikamuuliza hizi za nani.

"Za wote, Mwalimu. Bila hiyo saa kumi huamki, na ukiamka unasinzia juu ya kitabu."

"Wewe unakunywa ngapi?"

"Siku za kawaida moja. Tukikaribia mtihani mbili, wengine hata tatu. Moja baada ya prepo ya usiku, nyingine alfajiri."

Alijibu bila kusita, maana hakuona kosa, na kweli hakuna sheria ya shule aliyovunja. Dukani nje ya geti chupa moja ni rahisi kuliko sahani ya wali maharage.

Jioni nimekaa na kalamu. Chupa moja ni miligramu 90 za kafeini na gramu 33 za sukari, yaani vijiko vinane vya chai na kidogo juu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia kafeini hadi miligramu 400 kwa siku, isizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa watoto na vijana ikashika miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Huyu mvulana ana miaka 17, na kwa macho hazidi kilo 55. Kiwango chake ni 165. Chupa ya pili inamvusha. Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani mwaka huo huo wa 2015 lilishauri ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe 25. Chupa ya kwanza tu imeshapita 25, kabla ya chai ya asubuhi ambayo jikoni kwetu huja imekwisha kutiwa sukari.

Alhamisi, 5 Februari

Kipindi cha vitendo. Nilitaka waone kwa macho yao, si kunisikia mimi nikihubiri.

Tulipima mililita 100 za enaji kwa silinda, tukazimimina kwenye bika ambayo tulikwisha kuipima tupu, tukaiweka juu ya maji yanayochemka ili isiungue. Gesi ilitoka kwanza. Povu la njano likapanda, likashuka. Harufu ya pipi ikajaa maabara mpaka wa darasa la jirani wakachungulia dirishani. Vipindi viwili vilikwisha, tukaacha jiko likiendelea wakati wa mapumziko. Tuliporudi, chini ya bika kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya kahawia iliyoiva, kinachovutika ukichovya kijiti cha kioo na kukataa kukatika. Mizani ilisoma gramu 12 hivi. Msichana aliyekuwa anaandika vipimo aliichukua bika akaipindua kichwa chini juu ya sinki. Kile kitu hakikudondoka. Kilianza kutambaa pole pole ukutani mwa bika, naye akasimama hivyo hivyo akikitazama.

"Na chupa nzima ni mara tatu ya hii, Mwalimu?"

"Mara tatu."

Niliwaambia kwamba kafeini imo mle ndani lakini hawawezi kuiona: ni miligramu 30 tu katika hizo gramu 12, na mizani yetu haina hata uwezo wa kuibaini. Kidogo hicho ndicho kinachowaamsha. Tangu mtu aamke, ubongo wake unakusanya adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo usingizi unavyomwita. Adenosini ina mahali pake pa kukaa kwenye seli ili ujumbe ufike. Kafeini, kwa kuwa umbo lake linafanana nayo, huwahi na kukaa hapo, kama abiria aliyekalia siti ya mwenzake kwenye daladala: mwenye siti hajashuka, amesimama mlangoni anasubiri. Uchovu wote upo pale pale. Abiria akiteremka, wote waliosimama wanaingia kwa pamoja.

Kuteremka huko si kwa haraka. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo kwenye damu. Anayekunywa saa nne usiku, saa tisa usiku bado ana nusu chupa mwilini. Hata akilala, usingizi wake ni mwepesi, na saa kumi kengele ikilia anaamka amechoka kuliko jana. Ndipo anapoitafuta ya alfajiri.

Walinyamaza. Wanaijua hiyo hali vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 7 Februari

Mdogo wangu alipita jana na semi, mzigo wa Lubumbashi. Aliegesha Kihonda, hapa Morogoro, pembeni ya barabara kuu, akaja nyumbani kuoga na kula. Nilimsindikiza kurudi kwenye gari, nikapanda kabini. Nyuma ya kiti, chini ya kile kitanda chembamba anacholalia, chupa zilikuwa zimepangwa kwa heshima, kamili kwenye katoni na tupu kwenye mfuko.

"Kwa siku ngapi?"

"Nne. Nikiwa nimechelewa, sita. Kaka, Kitonga huipandi na usingizi. Na Mikumi usiku unapita na wanyama barabarani, ukifumba jicho umemgonga nyati au umeingia porini."

Sita ni miligramu 540 za kafeini na gramu 198 za sukari. Karibu sehemu moja ya tano ya pakiti ya kilo moja, na mtu ameketi kwenye kiti kuanzia Dar hadi Tunduma, kilomita zaidi ya 900, kabla hajaanza Zambia.

Kisha akaniambia jambo ambalo hajamwambia mkewe. Usiku, hasa akishakunywa ya tatu, moyo unaruka. "Unapiga, unapiga, unanyamaza kidogo, halafu unakita mara moja kwa nguvu hapa." Akaweka kiganja kifuani. Ana miaka 38.

Nilimrudisha nyumbani, na matroni wa shule akaniazima mashine ya presha. Nilimkalisha kwanza, akatulia, miguu chini, mkono juu ya meza. 162 kwa 104. Nikarudia baada ya muda: 160 kwa 102. Lakini alikuwa amekunywa moja njiani, na nilijua kafeini peke yake hupandisha. Kwa hiyo nilimzuia alale kwangu. Leo asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, 150 kwa 96. Hiyo si ya chupa ya jana tu. Imeshakaa.

Nilimwambia aende hospitali apimwe moyo kwa mashine ya umeme. Akasema akirudi. Akaniuliza jambo la haki kabisa: "Wazee kijiweni wanakunywa kahawa kutwa nzima, mbona hawaambiwi kitu?" Nimelibeba swali lake.

Kuna habari moja nilimpa akiwa anafunga viatu, nayo ilimgusa. Kinywaji hiki hakikuanzia kwenye matangazo ya vijana wanaoruka na pikipiki. Japani walikuwa na Lipovitan D tangu mwaka 1962, kichupa kidogo cha dawa. Thailand, katika miaka ya 1970, Chaleo Yoovidhya akatengeneza Krating Daeng, na wateja wake wakubwa wakawa madereva wa malori na vibarua wa zamu za usiku. Mwaustria Dietrich Mateschitz alikionja huko, wakashirikiana, na mwaka 1987 kikaingia sokoni Austria kikiwa kimetiwa gesi na kuitwa Red Bull. Tangu mwanzo, basi, alikuwa akiuziwa mtu ambaye kazi yake haimpi nafasi ya kulala.

"Kumbe ni yetu," akasema, akawasha gari.

Jumatano, 11 Februari

Usiku. Watoto wamelala. Nasoma kuhusu swali la kahawa.

Kahawa ya kijiweni iko kwenye kikombe kidogo, ni ya moto, inanywewa kwa funda na maneno mengi katikati. Kwa watu wengi, kahawa kwa kiasi haijaonekana kuleta ugonjwa wa moyo, na wanaoinywa mara kwa mara huonekana hata kupata kisukari kidogo kuliko wasioinywa. Enaji hunywewa baridi, kwa mkupuo, na hubeba sukari yake ndani. Nilidhani tofauti inaishia hapo. Haiishii hapo.

Mwaka 2017 huko Marekani watu 18 wenye afya walipewa, kwa siku tofauti, karibu lita moja ya enaji yenye miligramu 320 za kafeini, na kinywaji kingine chenye kafeini ile ile 320 bila yale mengine. Baada ya saa mbili, kipimo kimoja cha umeme wa moyo kilikuwa kimerefuka kwa milisekunde 10 zaidi kwa enaji kuliko kwa kafeini tupu. Na presha iliyopandishwa na enaji ilikuwa bado iko juu baada ya saa sita. Kafeini ilikuwa sawa kwa sawa. Basi kuna kitu kingine mle, au mchanganyiko wenyewe, unaofanya kazi. Mwaka 2019 jaribio la watu 34 lilipata jambo la namna hiyo hiyo, milisekunde 6 hadi 7.7, saa nne baada ya kunywa.

Hicho kipimo ni muda wa QT. Kila pigo likipita, seli za moyo lazima zijichaji upya kabla ya pigo jingine. Muda huo ukirefuka, kunakuwa na upenyo wa pigo la wizi kuingia kabla seli hazijawa tayari. Kwa moyo mzima milisekunde 10 hazisikiki. Lakini wapo watu wanaozaliwa na QT ndefu bila kujua, na kwao pigo lisilo mahali pake linaweza kuufanya moyo utetemeke bila kusukuma damu. Mwaka 2024 madaktari wa Mayo Clinic waliangalia majalada ya watu 144 walionusurika moyo kusimama ghafla, wenye maradhi ya moyo ya kurithi. Saba kati yao walikuwa wamekunywa enaji muda mfupi kabla. Wenyewe waliandika kwamba hilo halithibitishi chanzo. Nami naliandika hapa kwa uzito huo huo, si zaidi. Ila katika mabweni yetu hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kupimwa umeme wa moyo, kwa hiyo hakuna anayejua yupi ni yupi.

Mayo Clinic hao hao mwaka 2015 walipima vijana 25 baada ya kopo moja la mililita 480. Noradrenalini, homoni ya hofu na mapambano, ilipanda kwa asilimia 74. Kwa kinywaji cha kulinganishia ilipanda asilimia 31. Mwili ulikuwa umekaa kitini, lakini kwa ndani unakimbizwa.

Kilichonikalisha zaidi ni mgonjwa wa London aliyeandikwa mwaka 2021. Miaka 21, mwanafunzi wa chuo. Makopo manne ya nusu lita kila siku kwa miaka miwili hivi. Alifika hospitalini anahema akitembea kidogo, amekonda, na walipompiga picha ya moyo, pande zote mbili zilikuwa zimelegea hazisukumi. Figo nazo zilikuwa zimekufa, ila kwa tatizo jingine la kuziba njia ya mkojo. Ilifika mahali pa kuzungumzia kupandikizwa moyo. Alipewa dawa, akaacha makopo, moyo ukarudi kwa sehemu kubwa. Madaktari wake walisema enaji ndiyo inayoelekea kuwa sababu, hawakusema ni lazima. Nimefikiria umri wake. Anamzidi miaka minne mvulana wangu wa ufagio.

Jumanne, 24 Februari

Shemeji alipiga simu mchana. Mdogo wangu amerudi, gari liko gereji Dar, naye yuko nyumbani Morogoro anafunga. Anaumwa. Kichwa kinamgonga nyuma ya macho, hataki mwanga, hataki watoto wapige kelele, mwili wote mzito.

"Shemeji, nimempeleka zahanati, malaria haipo. Wamempa panadol ya kumeza akifuturu. Nini hiki?"

Nilimuuliza enaji ya mwisho alikunywa lini. Juzi usiku.

Ndiyo yenyewe. Mwili uliozoea kafeini kila siku ukiikosa huanza kulalamika ndani ya saa 12 hadi 24, kilele chake ni siku ya kwanza au ya pili, na kwa wengine huvuta hata siku tisa. Mishipa ya kichwa iliyokuwa imebanwa na kafeini inafunguka, na ile adenosini iliyokuwa inasubiri inafika yote. Si ugonjwa mpya. Nilimshauri asirudie chupa ili kuutuliza, bali daku apate kikombe cha chai ya rangi, yenye kafeini kidogo tu, na siku zinazofuata apunguze. Kwa mwili wake Ramadhani imekuja wakati mzuri. Mchana hakuna cha kunywa, safari hakuna, na usingizi upo.

Nilipofika jioni na tende, shemeji aliniambia alilala tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri, akaamka akaswali, akalala tena. Miaka yote ya ndoa yao hajawahi kumwona akilala hivyo.

Mabwenini nako wavulana wanaofunga wamehamishia enaji zao kwenye daku. Tumbo tupu, usiku wa saa chache, halafu siku nzima ya kiu. Nimezungumza na mwalimu wao wa dini, naye amekubali kulisema baada ya tarawehe.

Alhamisi, 5 Machi

Majibu ya hospitali. Alipimwa alasiri akiwa amefunga tangu daku, kwa hiyo saa nane za kutokula zilishatimia. Sukari ya damu 6.4. Bado si kisukari, ambacho huanzia 7, lakini si ya mtu mzima wa afya pia. Kiuno sentimita 106. Mafuta ya damu ya aina ya traigliseridi yako juu. Presha 148 kwa 94. Umeme wa moyo ulionyesha mapigo ya ziada mawili matatu, hakuna mtiririko wa hatari. Daktari, kijana mpole, alimwanzishia kidonge cha presha na kumwambia maneno ambayo mdogo wangu ameyarudia kwangu mara kadhaa: "Hivi vinne havikuja kila kimoja na njia yake. Vimekuja pamoja."

Nitaandika namna vinavyokuja pamoja, maana nitakuja kulifundisha hili.

Sukari ya kunywa haishibishi. Mtu aliyekula gramu 33 za wanga kwenye ugali anasikia ametia kitu tumboni. Aliyezinywa kwa dakika mbili bado atakula sahani yake nzima ikifika. Nusu hivi ya hiyo sukari ni fruktosi, nayo huenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa linaigeuza kuwa mafuta: mengine yanabaki humo humo, mengine yanatoka kwenye damu kama hizo traigliseridi. Ini lenye mafuta haliitikii insulini vizuri, kongosho inaongeza insulini, nayo insulini nyingi inahifadhi mafuta zaidi kiunoni. Juu yake weka kafeini, ambayo kwa saa chache baada ya kunywewa huifanya misuli iwe mizito kupokea glukosi. Vinywaji vya sukari kwa jumla, katika uchambuzi mkubwa wa mwaka 2010, viliwapa wanaokunywa kimoja au viwili kwa siku hatari ya kisukari cha ukubwani iliyo juu kwa asilimia 26 kuliko wasiokunywa au wanaokunywa kwa nadra.

Shemeji ameuliza kuhusu zile zisizo na sukari. Zinaliondolea ini mzigo. Kafeini iko vile vile, presha iko vile vile, na usingizi haujalipwa. Nimemwambia hivyo.

Alhamisi, 12 Machi

Kikao cha walimu, saa tatu nzima.

Nilisoma vipimo vya bika, nikasoma lebo. Matroni akasema usiku wa juzi alikaa na msichana aliyekuwa anatetemeka mikono, moyo unamwenda mbio, anaamini anakufa. Alikuwa amekunywa chupa tatu kujiandaa na jaribio la fizikia. Hapo kikao kizima kikakubaliana: enaji marufuku, mabegi yakaguliwe, mwenye duka aandikiwe barua. Ilichukua dakika kumi.

Ndipo nikaomba la pili, na hilo ndilo lililokula muda wote. Niliandika ratiba yetu ubaoni. Prepo ya usiku inakwisha saa nne na nusu. Wengi wanaendelea mpaka saa sita. Kengele ya kuamka saa kumi alfajiri. Kati ya saa sita na saa kumi kuna saa nne. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha jaribio la vijana 11 wa kiume wenye afya njema walioruhusiwa kukaa kitandani saa nne tu kwa usiku sita mfululizo. Miili yao ikawa inaondoa glukosi kwenye damu polepole kwa asilimia 40 hivi kuliko walipoachwa walale vya kutosha. Hawakunywa enaji yoyote. Walinyimwa usingizi tu. Na sisi hatufanyi jaribio la usiku sita. Tunafanya muhula mzima, kwa watoto ambao wataalamu wa usingizi wanasema wanahitaji saa nane hadi kumi.

Kwa hiyo nikasema wazi: chupa tunaweza kuzikamata zote leo jioni, na kesho saa kumi watoto wale wale watakuwa wamechoka vile vile, watatafuta majani ya chai wayatafune, watatafuta vidonge. Tunawanyima usingizi halafu tunawaadhibu kwa kuutafutia dawa.

Mkuu wa shule si mtu mbaya. Alinisikiliza akiwa ameshika kidevu. "Mwalimu, shule ya jirani wanaamka saa tisa. Wazazi wanaangalia matokeo. Mimi nitawaambia nini?" Mwalimu wa taaluma akasema yeye mwenyewe alisoma kwa kibatari na miguu ndani ya beseni la maji baridi, na amefika hapa. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Niliwajibu kwamba ubongo huyapanga na kuyaweka ya mchana wakati mtu amelala, na anayekesha anamwaga alichosoma. Sijui kama waliniamini.

Nchi nyingine zimeanza na sheria ya mauzo. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, Poland Januari 2024, na serikali ya Uingereza mwaka jana ilitangaza nia ya kuzuia kwa walio chini ya miaka 16 huko England. Ningefurahi tukifanya hivyo hapa. Lakini sheria ya dukani haitagusa kengele yetu. Kengele ni ya kwetu wenyewe.

Uamuzi: la kwanza limepita, la pili litafikiriwa.

Jumatano, 25 Machi

Idd imepita. Kwenye sherehe moja mtaani vijana walikuwa wanachanganya enaji na pombe kali kwenye glasi za plastiki. Ni hatari kwa namna yake: kafeini inamficha mtu ulevi wake, anajiona yuko timamu, anaongeza, anashika pikipiki. Kiasi cha pombe kwenye damu hakijapungua hata tone.

Nimesoma pia habari iliyochapishwa Desemba mwaka jana, ya Mwingereza wa miaka ya hamsini na kitu, mwenye afya, mpenda mazoezi, aliyefika hospitalini na kiharusi. Presha 254 kwa 150. Dawa zilirundikwa, presha ikakataa kutulia alipokuwa nyumbani. Kumbe alikuwa akinywa makopo manane kwa siku, kila kopo miligramu 160, na mwanzoni hakuna aliyemuuliza. Alipoacha, presha ilirudi kawaida, dawa za presha zikasimamishwa. Ganzi ya upande mmoja haikuondoka.

Hakuna aliyemuuliza. Nimemwandikia ujumbe daktari wa mdogo wangu kumshukuru kwa sababu yeye aliuliza, na kuuliza kama kliniki yao inaweza kuliweka swali hilo kwenye kadi, pale pale wanapouliza sigara na pombe. Bodaboda, walinzi, makonda na madereva hawatalitaja wenyewe. Kwao si dawa, si ulevi. Ni kifaa cha kazi.

Jumamosi, 11 Aprili

Presha ya mdogo wangu leo asubuhi: 134 kwa 86. Sukari wiki hii 5.8. Anameza kidonge chake kila siku na hajagusa enaji tangu Ramadhani, kwa hiyo siwezi kugawa sifa, hii ya kidonge, hii ya kuacha. Mapigo ya kuruka anasema yamekuwa ya nadra. Mkanda umerudi tundu moja.

Shida ni kazi. Tajiri wake analipa kwa safari, na anayewahi kufika ana nyongeza. Dereva anayeegesha gari Makambako akalala kwa saa saba anaonekana mvivu kwenye ramani ya gari ofisini. Mdogo wangu alikwenda na cheti cha daktari, akaomba apewe dereva wa pili kama mabasi ya masafa marefu yanavyobeba wawili. Jibu lilikuwa hapana kwa dereva wa pili, ndiyo kwa kulala: safari ya Lubumbashi ameongezewa siku mbili, ila nyongeza ya kuwahi hatapata. Shemeji amekaa na daftari la matumizi kuona watakata wapi. Ada ya mtoto wa kwanza haikatiki. Amekata king'amuzi na mchango mmoja wa harusi. Akaniambia, "Shemeji, bora nimlalamikie yupo."

Shuleni, mkuu aliniita jana ofisini. Hakutaka kulipeleka la kengele kwenye bodi, lakini amenipa kidato cha tano kwa muhula unaokuja. Prepo yao itakwisha saa nne kamili, taa za bweni zizimwe saa nne na nusu, kengele yao ilie saa kumi na moja na nusu. Saa saba za usingizi. Si nane, lakini nimezichukua. Masharti yake ni kwamba wastani wa jaribio la katikati ya muhula usishuke, na ukishuka wanarudi kwenye ratiba ya wote.

Nimekubaliana na matroni ataandika kila anayekuja usiku na moyo kwenda mbio, kutetemeka au kichwa, kwa kidato, tarehe na alichokunywa. Mwalimu wa hisabati atanitolea wastani wa majaribio ya mihula mitatu iliyopita ili tuwe na cha kulinganisha. Kidato cha sita hakiguswi, mtihani wao ni mwezi ujao, nao wanaendelea kuamka saa kumi. Nimemuuliza mkuu kama angalau wiki ya mwisho kabla ya karatasi ya kwanza wangeachwa walale. Amesema atanijibu Jumatatu.